Kubana Matumizi na Haki ya Kuhoji

Kubana matumizi hakuondoi wajibu wa kuonyesha hesabu. Serikali ya Awamu ya Tano ilisifika kwa kubana, hata sherehe za Uhuru za Desemba 2015 zikafutwa. Lakini Aprili 2018 Ndugu Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, akiishika taarifa ya Mkaguzi Mkuu ya 2016/17, alihoji shilingi trilioni 1.5, tofauti ya makusanyo na matumizi. Serikali ilijibu bungeni kwamba hakuna fedha iliyopotea. Ikataja hati fungani zilizoiva na makusanyo ya Zanzibar. Hoja yenye tarakimu hujibiwa kwa tarakimu. Mwanachama wa Bombambili akihoji taarifa ya COASCO mkutanoni, katibu asimwite mkorofi, bali amfungulie daftari la fedha na hati za malipo.