Uchaguzi wa Nambari Sita

Muhula huu mwalimu wetu wa Kiingereza alituonyesha ukumbini sehemu moja ya mchezo wa televisheni wa Waingereza uitwao The Prisoner, yaani Mfungwa. Wengi walitoka wakiulizana maana yake, na wengine walisinzia. Kwa kuwa wazazi wetu hawakuwapo, na kwa kuwa mimi mwenyewe mwakani nitatimiza miaka 18 na kupata haki ya kupiga kura, nimeona heri niieleze sehemu ile kwa kadiri nilivyoielewa.

Mchezo huu wote una sehemu 17, nao ulianza kuonyeshwa Uingereza mwezi wa Septemba 1967. Mchezaji wake mkuu ni Patrick McGoohan, aliyekwisha kupata sifa kwa kucheza kama mpelelezi katika mchezo mwingine, Danger Man. Safari hii yeye ni mpelelezi wa serikali aliyejiuzulu kwa hasira. Kabla hajamaliza kufunga mizigo yake, moshi wa sumu waingizwa nyumbani mwake, naye azimia. Anapozinduka yumo mahali paitwapo Kijiji. Hapo hakuna mtu mwenye jina. Kila mmoja ana nambari, na yeye ni Nambari Sita. Mkubwa anayeonekana ni Nambari Mbili, ambaye hubadilishwa mara kwa mara, na kazi yake ni kumfanya Nambari Sita aseme kwa nini alijiuzulu. Nambari Moja haonekani.

Msidhani Kijiji hiki ni gereza la kuta nyeusi. Ni mahali pazuri mno, pana bustani, minara na nyumba za rangi. Picha zilipigwa Portmeirion, kaskazini mwa Wales, mji mdogo ambao mchoraji majengo Clough Williams-Ellis alianza kuujenga mwaka 1925 kwa mtindo wa Kiitaliano. Bendi hupigwa, watu hutembea na miavuli ya mistari, wote wakiamkiana kwa adabu. Lakini anayejaribu kutoroka hufukuzwa na puto kubwa jeupe lingurumalo, likamfunika uso mpaka pumzi zikamwishia. Wenzangu walilicheka puto hilo mwanzoni. Baadaye hawakucheka.

Sehemu tuliyoonyeshwa ni ya nne, nayo huitwa Free For All. McGoohan aliitunga mwenyewe kwa jina la kubuni, akaiongoza mwenyewe pia. Habari yake ni uchaguzi. Nambari Mbili, mzee mcheshi aliyechezwa na Eric Portman, aja kunywa chai ya asubuhi na mfungwa wake, akamwambia ya kuwa kila miezi 12 watu wa Kijiji humchagua kiongozi wao. Mwaka huu hakuna mpinzani, na jambo hilo halipendezi. Je, Nambari Sita hatagombea? Akishinda, siri ya Nambari Moja itakuwa wazi kwake.

Hapa ndipo mabishano yalipozuka bwenini kwetu. Wengine walisema Nambari Sita alikuwa mjinga kukubali. Mimi nasema sivyo. Alijua ni mtego, ila alitumaini kuwa mtego wenyewe una mlango wa pili. Katika hotuba yake ya kwanza awaambia watu waziwazi ya kuwa ataka kujua nani kati yao ni wafungwa na nani ni walinzi. Maneno hayo si ya mjinga.

Lakini tazameni yaliyotangulia hotuba hiyo. Umati umekwisha kushika mabango yenye picha yake, ilhali yeye amekubali dakika ile ile. Nani aliyachapa, na lini? Kisha mwandishi wa habari na mpiga picha wake waingia katika gari lake dogo lisilo na milango. Mwandishi auliza juu ya kampeni. Nambari Sita ajibu kuwa hana la kusema. Mwandishi aandika ya kwamba mgombea atapigania uhuru kwa kila hali. Aulizwa juu ya siasa za ndani. Hana la kusema. Yaandikwa kwamba ataimarisha ulinzi wa Kijiji. Mwisho aulizwa juu ya maisha na mauti, naye amwambia mwandishi ashughulike na mambo yake. Hapo ndipo yaandikwapo kuwa hana la kusema! Muda si muda gazeti latoka, limechapwa tayari.

Kisha apelekwa mbele ya baraza. Awauliza wajumbe wametoka wapi na nani aliwachagua. Hakuna hata mmoja anayefumbua kinywa. Kwa kosa la kuuliza, akamatwa, akatiwa kitini, na akili yake ikachezewa kwa mitambo. Akitoka hapo ni mtu mwingine. Yule aliyekuwa hana la kusema sasa hasemi mengine ila ahadi: kazi ipungue, michezo iongezwe, na kila mtu apewe majira ya mwaka ayatakayo, kama kwamba mvua na jua vyamngoja yeye. Tusiwacheke sana watu wa Kijiji kwa kushangilia. Hata hapa shuleni tumewahi kumsikia mgombea wa ukiranja akiahidi wali kila siku, na ufunguo wa stoo hauko kwake, nasi tukapiga makofi.

Kwa maoni yangu jambo zito la sehemu hii laja baada ya kura. Nambari Sita ashinda kwa kura nyingi sana. Watu waliokuwa wakipiga kelele wiki nzima sasa wasimama kimya wakimtazama, bila hata tabasamu. Aingia katika chumba cha Nambari Mbili, akili yake yamrudia, akakimbilia kipaza sauti na kuwatangazia watu wote kuwa wako huru, waondoke. Waliopo nje waendelea kutembea na miavuli yao. Hakuna anayegeuka.

Rafiki yangu mmoja asema hawakumsikia. Walimsikia sana. Siku zote kipaza sauti kile kimewaambia waamke, wacheze, wafurahi. Kilipowaambia kuwa wako huru walilipokea neno hilo kama tangazo la hali ya hewa. Uchaguzi haukufanywa ili wapate kiongozi. Ulifanywa ili mtu mmoja mkaidi aitumie nguvu yake yote, na tumaini lake lote, katika shughuli ambayo mwisho wake ulikuwa umekwisha kuandikwa.

Imebaki habari ya dereva. Tangu mwanzo Nambari Sita alikuwa amepewa msichana wa kumwendesha, Nambari 58, aliyechezwa na Rachel Herbert. Msichana huyu ni mwepesi, mchangamfu, na husema lugha ambayo hakuna aijuaye, hivyo kila mtu husema mbele yake bila kujali. Mle chumbani, baada ya ushindi, ampiga Nambari Sita makofi ya uso mfululizo. Baada ya Nambari Sita kupigwa tena na walinzi, aletwa mbele ya kiti cha mkubwa, na aliyekaa hapo ni huyo huyo dereva, amevaa nambari 2 kifuani, akisema Kiingereza safi. Yule mzee wa mwanzo yumo katika helikopta, anaondoka zake.

Mwalimu alikubali kutuonyesha mara ya pili Jumamosi iliyofuata. Safari hiyo watu wachache tu walimtazama Nambari Sita. Wengi wetu tulikuwa tukimtazama dereva.