Kamera Yako Inalia Usiku Kucha na Hakuna Mwizi? Hii Ndio Sababu

Saa nane usiku, simu inatetemeka chini ya mto. Kamera ya keja inasema kuna kitu mlangoni. Unaruka, unacheki video: ni nondo. Usiku wa pili, paka wa jirani. Wa tatu, nguo kwenye kamba. Wa nne umechoka, unazima sauti ya simu na kulala fofofo. Huo ndio usiku mgondi anakuja kusomba TV na mtungi wa gesi, na ujumbe wa kamera unakaa tu kwa simu, hakuna mtu amesoma.

Kabla uitukane kamera, jua kitu moja: haimjui mwizi. Hata wewe haikujui. Kazi yake ni kulinganisha picha.

Inafanya aje?

Video ni picha nyingi tuli zinazopita mbio, mara nyingi kati ya 15 na 25 kwa sekunde. Kila picha ni vidoti vidogo vinavyoitwa pikseli. Kamera ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwenda chini, yaani zaidi ya milioni 2, na kila moja ina namba ya mwangaza.

Programu inaweka kumbukumbu ya korido ikiwa tupu. Kila picha mpya ikiingia, inatoa namba za zamani kwa namba mpya. Ukuta haujasonga, jibu ni karibu sufuri. Msee akipita, pikseli za pale alipo zinabadilika. Zikibadilika za kutosha, ndani ya eneo uliloambia kamera ichunge, alamu inalia.

Mbona inadanganywa?

Kwa sababu hiyo hesabu haiulizi nani amebadilisha picha. Taa za gari zikipiga ukuta, pikseli zinabadilika. Mvua, kivuli, tawi la mti, hadithi ni ile ile. Jua likichomoza polepole si noma, juu ile picha ya kumbukumbu inajirekebisha pole pole pia.

Usiku ndio balaa. Kamera inawasha mwanga wa infraredi ambao macho yako hayaoni. Mdudu akipita karibu na lenzi anang'aa, na kwa picha anatokea mkubwa kuliko mtu aliye mbali. Na buibui akijenga hapo, umeisha: upepo ukitingisha utando, ni alamu mpaka asubuhi.

Ifunze adabu

Kwanza, chora eneo. Acha mlango na dirisha, toa kamba ya nguo na barabara.

Pili, kama mipangilio inakubali, weka ukubwa wa chini wa kitu, ndio paka apite bila kelele.

Tatu, punguza ukali wa kuhisi kidogo kidogo. Ukipunguza sana, hata mgondi atapita.

Nne, panga kamera ndio mtu akipita akate picha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Anayekuja moja kwa moja kwa lenzi hubadilisha pikseli chache mwanzoni. Na upanguse lenzi mara kwa mara, buibui hawalipi rent.

Kama una doo kiasi, tafuta kamera inayotambua umbo la mtu, ama yenye kihisi cha PIR, kile kinachosikia joto la mwili likisonga. Picha na joto vikikubaliana, nondo hatakuamsha tena.

Alafu fanya jaribio. Leo usiku, zima taa, tembea polepole hadi mlangoni kama mtu mwenye nia mbaya. Simu ikinyamaza, rudi kwa mipangilio. Alamu inayolia mara 40 kwa usiku ni kelele tu. Ile inayolia mara moja, na wewe ukaamka, ndio ulinzi.