Je, kiwavi ana moyo?

Anayetafsiri kitabu cha biolojia kwa Kiswahili hukutana mapema na swali hili. Kwa wengi wetu, moyo ni kiungo kimoja kilichoko kifuani, chenye vyumba. Wanyama wasio na uti wa mgongo huivunja fasili hiyo.

Vinkubala, viwavi wanaoliwa hapa Lubumbashi, wana mrija mrefu mgongoni. Misuli yake ikijikaza, damu husukumwa kuelekea kichwani, humwagika mwilini nje ya mishipa, kisha hurudi mrijani kupitia vitundu vya pembeni. Damu hiyo haibebi oksijeni. Hewa huingia kwa matundu ya ubavuni. Pweza wa pwani naye ana mioyo mitatu: miwili hupeleka damu kwenye matamvua, mmoja mwilini. Damu yake ni ya buluu kwa sababu ina shaba, madini ambayo Katanga ilibeba jina lake tangu 1971 hadi 1997.

Kinachowaunganisha wote ni kazi, si umbo: msuli unaojikaza na kulegea kwa mpigo ili kusukuma damu. Fasili ya istilahi ianzie hapo.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Katika Kiluba cha Kasai, "moyo" ni uhai, tena ni salamu. Kiungo chenyewe ni "mucima", kama "umutima" wa Kibemba. Mwanafunzi akisoma "moyo wa kiwavi" bila fasili, anaweza kuelewa uhai wa kiwavi. Kosa hilo si lake. Ni la kitabu kilichonyamaza.