Tangi la samaki likishika kijani, usimwage maji

Nilipoona kioo cha tangi langu la samaki kimeshika utando wa kijani, nilimwaga maji yote nikasugua mpaka mawe. Siku chache baadaye samaki wawili walikufa, na utando ukarudi. Niliua bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki, nikaacha chanzo chenyewe: mwanga na chakula kupita kiasi.

Sasa tangi liko mbali na dirisha, taa nawasha kwa muda wa saa 8 kwa siku, na chakula natia kile samaki wanachomaliza kwa dakika 2. Kila wiki nabadilisha robo ya maji, nikitia yaliyotolewa klorini. Mimea nimeiongeza, inyonye mbolea ambayo mwani ungeinyonya.

Ndugu msomaji, anza na taa.