UKISAFIRI, KUKU WAKO UNAMWACHIA NANI?

Mwezi wa Desemba ukifika, stendi ya mabasi ya Arusha hujaa watu. Wafanyakazi wa mjini wanakwenda kwao Moshi, Rombo, Babati, Singida na kwingineko. Na sisi wa vijijini, kuanzia Tengeru mpaka Ngaramtoni, tunasafiri pia. Mmoja anakwenda harusini, mwingine kumwuguza ndugu, mwingine kumtembelea binti aliyeolewa mbali.

Ng'ombe huachiwa mtu kwa maelezo marefu. Mbuzi vilevile. Lakini kuku? Mara nyingi mtu akiwa ameshafunga mizigo ndipo anapaza sauti kupitia migomba: "Jirani, unitazamie kuku wangu!" Jirani anaitika: "Haya." Basi, mapatano yamekwisha.

Wiki mbili baadaye mwenye kuku anarudi. Aliacha 12, anakuta 5. Jirani anasema mwewe amechukua, wengine waliugua. Mwenye mali anadhani wameliwa sikukuu. Hakuna aliyeandika kitu, na hakuna shahidi. Kuku wamepotea, na majirani hawasalimiani tena. Wapo wanaosema, kuku ni kitu gani mpaka watu wagombane? Lakini kwa akina mama wengi kuku ndiyo mali pekee wanayoweza kuiuza bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kuku 7 ni sare ya shule ya mtoto.

Sasa tuanze na mtu wa kumwachia. Mtafute anayekuwepo nyumbani asubuhi na jioni, kwa sababu asubuhi ndipo banda linafunguliwa na jioni ndipo linafungwa. Siku moja tu ya kusahau kufunga inamtosha kicheche. Mtoto wa miaka kumi anaweza kulisha kuku vizuri sana, pengine kuliko sisi. Lakini hawezi kuamua kuku mgonjwa afanywe nini. Kwa hiyo awepo mtu mzima wa kuulizwa.

Kama jirani yuko karibu, ni bora yeye aje kwako kuliko kuku kuhamia kwake. Kuku huzoea pao. Ukiwahamisha, wengine watarudi kwako jioni na kulala juu ya mti. Majogoo nayo yatapigana. Tena kuku wa nyumba mbili wakilala pamoja, ugonjwa wa nyumba moja unakuwa wa nyumba mbili.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Ugonjwa unaoitwa mdondo, au kideri, unaweza kumaliza kuku wote wa boma katika siku chache. Wazungu huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikoonekana mwaka 1926. Kuku anazubaa, anashusha mabawa, anahema kwa shida, anaharisha kinyesi cha kijani. Wengine shingo inapinda. Dawa ya kuutibu haipo. Majani unayoweka katika maji ya kuku hayauponyi, hata kama aliyekuelekeza ni mtu mzima unayemheshimu.

Kinachosaidia ni chanjo, tena kabla ugonjwa haujaingia. Iko chanjo iitwayo I-2, iliyotafutwa huko Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini. Inavumilia joto kuliko zile za zamani. Hata hivyo usiiache juani. Ifunge katika kitambaa chenye maji na uibebe kivulini. Kila kuku anatiwa tone moja katika jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mshike kuku mpaka tone liingie na afumbe jicho, ndipo umwachie. Chanjo haifanyi kazi siku hiyohiyo. Ipe wiki mbili. Kama unasafiri tarehe 20 Desemba, chanja mwanzoni mwa mwezi, sio usiku wa kuamkia safari.

Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi, na ikishafunguliwa haikai siku nyingi. Kwa hiyo usinunue peke yako. Shirikianeni nyumba kadhaa, mkawaite kuku wenu wote siku moja mapema asubuhi kabla hawajatoka mabandani. Hapo kuku wa jirani anayekushikia nao watakuwa wamechanjwa, na hilo ni faida kwako pia. Bwana mifugo wa kata atawaonyesha namna ya kufanya.

Wengine hupunguza kuku kabla ya safari kwa kuuza majogoo. Ni shauri zuri. Lakini kuku uliyempeleka soko la Tengeru akakosa mnunuzi, usimrudishe akachanganyika na wenzake. Sokoni amekaa na kuku waliotoka kila upande. Mchinje mle, au mfungie mbali na wengine siku 14.

Chakula nacho ni kazi ya hesabu. Kuku mkubwa wa kienyeji akifungiwa kutwa, mhesabie gramu 100 kwa siku. Kuku 12 ni gramu 1,200, yaani kilo 1 na gramu 200. Kwa siku 14 ni kilo 16 na gramu 800. Acha kilo 17 za pumba na chenga za mahindi, uchanganye na mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa kama unao. Wakiachiwa watembee, nusu yake inaweza kutosha, maana watajiokotea wadudu na majani. Pima kabisa na umwoneshe jirani kopo la kuchotea. Si haki mtu akutunzie kuku kwa mahindi ya watoto wake.

Maji mengi ya kutosha ni robo lita kwa kila kuku kwa siku. Kwa wanaokaa Poli au Nkoaranga, maji si tatizo kubwa. Lakini upande wa Oldonyo Sambu, mlimani kwa nyuma, kuku 12 kwa wiki mbili wanataka lita 42. Madumu mawili ya lita 20 hayafiki. Nani atachota? Lisemwe kabla hujaondoka.

Wakati wa mvua, upande wetu wa migomba siafu ni adui mbaya kuliko mwewe. Huingia usiku, na kuku anayeatamia hakimbii upesi. Vifaranga ndiyo usiseme. Acha debe la majivu, jirani ayamwage kuzunguka banda.

Basi chukua daftari, uandike. Kisomo si cha kusomea barua za watu wengine tu. Mfano:

"Leo tarehe 19 Desemba nimeacha kuku: mitetea 8, majogoo 2, matembe 2. Jumla 12. Vifaranga 9, mama yao ni yule mwekundu. Kuku mweusi ameatamia mayai 10 tangu tarehe 8 Desemba, ataangua kama tarehe 29. Mayai mengine yote ni ya anayetunza. Kuku akiugua, anipigie simu, kisha bwana mifugo. Nitarudi tarehe 2 Januari."

Wote wawili watie sahihi au dole gumba, na mtu wa tatu ashuhudie. Wengine wataona ni kutoaminiana. Mimi naona kinyume chake: karatasi inamlinda zaidi yule anayetunza, kwa sababu yeye ndiye atakayeshukiwa.

Kubalianeni pia juu ya kuku anayekufa. Wapo wanaodai wawekewe miguu na manyoya kama ushahidi. Usidai hivyo. Mzoga wa mdondo unaeneza ugonjwa. Uchomwe, au ufukiwe chini sana mbwa wasiufukue, na shahidi aone. Siku hizi hata picha ya simu inatosha. Usitupwe mtoni, maana walio chini ya mlima wanayatumia maji hayohayo.

Malipo yasisahauliwe. Mayai ni sawa kwa wiki mbili. Kwa mwezi mzima, watu wengi hupatana kifaranga kimoja au viwili, na hapo pia iandikwe ni vya kuku yupi.

Ukirudi, hesabuni pamoja mchana, daftari likiwa mkononi, kabla hujasimulia habari za safari. Na kama shemeji zako wamekuzawadia jogoo, mshukuru aliyetoa, lakini jogoo huyo asiingie bandani leo. Mfungie chini ya tenga, mbali na wengine, kwa siku 14, na umpe chombo chake cha maji. Akiwa mzima siku ya 15, mchanje, ngoja wiki mbili nyingine, ndipo umfungulie.