Bendera ya Nani?



Leo twamtazama mkimbiaji mmoja wa Finland, Hannes Kolehmainen, aliyezaliwa mwaka 1889 katika mji wa Kuopio. Alikuwa mwashi wa matofali. Katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912 alijipatia dhahabu tatu: mita 5,000, mita 10,000, na mbio za nyika. Katika zile 5,000 alimtangulia Mfaransa Jean Bouin kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde.

Lakini siku zile Finland ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na kila aliposhinda, bendera iliyopandishwa mlingotini ni ya Urusi. Husimuliwa kwamba alipoitazama alikaribia kutamani asingalishinda. Fikirini, ndugu! Miguu ni yake, jasho ni lake, na sifa yaenda kwa mwingine.

Akahamia Marekani, akaendelea kujenga, akajizoeza mbio ndefu. Michezo ya 1916 haikufanyika kwa ajili ya vita. Mwaka 1917 alikuwa wa nne katika marathoni ya Boston, na Desemba mwaka uo huo Finland ikajitawala. Ndipo mwaka 1920, huko Antwerp, alipoishinda marathoni, sekunde 13 tu mbele ya Jüri Lossman wa Estonia. Miaka minane alingoja, na safari hii iliyopanda ni bendera ya kwao. Mwaka 1924 huko Paris hakuweza kumaliza, lakini Wafini hawakumsahau: mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 62, ndiye aliyewasha moto wa Michezo juu ya mnara wa uwanja wa Helsinki.

Wazee wetu wa Kenya wangemwelewa. Nyandika Maiyoro alikimbia Melbourne mwaka 1956 tukiwa bado koloni. Wilson Kiprugut alipopata shaba Tokyo mwaka 1964, bendera ilikuwa yetu.

Na kanisani je? Twatoa harambee, twaimba kwaya, twahubiri mpaka sauti yakauka (sisi wachungaji tusijitoe katika hesabu hii). Jina la Bwana twalitaja mwanzo na mwisho. Lakini katibu akisahau kulisoma jina letu katika matangazo, twanuna hata Jumapili ya pili. Hapo twajua ni bendera ya nani tuliyokuwa tukiitazamia mlingotini.

Tuombe.