Fahamu: Michango ya Siasa ya Vyama vya Wanachuo na Kumbukumbu ya Mbweni
Mwaka 2024, Alpha Kappa Alpha, chama cha udada wa wanachuo kilichoasisiwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard, Marekani, na ambacho mwanasiasa Kamala Harris alijiunga nacho mwaka 1986, kiliunda kamati ya siasa, yaani chombo cha kuchangisha fedha za wagombea, ambao kisheria hawaruhusiwi kupokea zaidi ya dola 5,000 kwa kila uchaguzi kutoka kamati moja ya namna hiyo.

Unguja vyama hivyo havijazoeleka, ingawa Mbweni, iliyoko kisiwani humo, ni zao la jitihada ya wanachuo inayofanana na ya vyama hivyo. Baada ya mmisheni David Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857, wasomi wa chuo hicho na wa Oxford, wakiungwa mkono na wenzao wa Durham na Dublin, walianzisha Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA), ambayo ilinunua shamba Mbweni mwaka 1871 na kuwapa makazi watumwa waliokombolewa kutoka majahazini. Shinikizo la wapinga utumwa wa Uingereza, wamisheni wakiwamo, lilichangia mkataba wa mwaka 1873 uliomlazimisha Sultani Barghash kufunga soko la watumwa, na mwaka 1877 aliwasili Caroline Thackeray, aliyeongoza skuli ya wasichana hapo Mbweni kwa miaka mingi. Inasikitisha kwamba wasichana hao, ambao michango iliombwa kwa ajili yao, hawakuwa na sauti katika maamuzi ya wafadhili.